Memoir '44: amri imepatiwa, chuma kimekosewa

Ukiuziwa Memoir '44, mchezo wa vita wa ubaoni, hasa boksi lililokwisha kupita mikononi mwa watu, hesabu kete kabla ya kulipa. Kila upande una kete 72: askari wa miguu 42, vifaru 24 na mizinga 6. Za kijani ni za Wamarekani na washirika wao, za kijivu ni za Wajerumani. Pamoja nazo kuna vizuizi 36 vya plastiki (seng'enge, magunia ya mchanga, vyuma vya kuzuia vifaru), vipande 44 vya ardhi vya kadibodi, karata 60 za amri na dadu 8. Kikosi cha miguu kina kete nne, cha vifaru tatu, cha mizinga mbili. Jeshi moja basi linatoa vikosi 10 vya miguu na kete mbili za akiba, vikosi 8 vya vifaru, vikosi 3 vya mizinga. Akipotea askari mmoja au wawili hutajua. Ukipotea mzinga mmoja, kikosi kizima hakipangiki tena, na kete yake hainunuliki dukani peke yake.

Mchezo ni kazi ya Richard Borg na ulitolewa na Days of Wonder mwaka 2004, miaka 60 baada ya majeshi ya washirika kutua Normandy. Ni wa watu wawili, dakika 30 hadi 60. Ubao una pembesita 13 kwa upana na 9 kwa kina, upande mmoja bara na upande wa pili ufukwe. Kitabu chake kina mapigano zaidi ya 15 yaliyopangwa tayari, mengi ya Ufaransa ya mwaka 1944. Anayejua magari ya vita atalifungua boksi hili akiwa na swali moja: Sherman, kifaru cha Kimarekani, ya humu ndani ni Sherman kweli? Hapana. Lakini kuna mahali ambapo hapana hiyo inauma na mahali ambapo haiumi, na panapouma panatibika bila kuharibu mchezo.

Kwanza kilichopatiwa, yaani karata. Ubao umegawanywa sehemu tatu kwa mistari ya nukta: kushoto, katikati, kulia. Zamu yako unacheza karata moja, na karata hiyo ndiyo inayosema vikosi vingapi vitasikia amri na vya sehemu gani. Karata 40 ni za sehemu, 20 ni za mbinu. Katika zile 40, kushoto ina 11, kulia 11, katikati 13, na 5 zinagusa sehemu zote tatu. Sasa piga hesabu. Ukishika karata tano kutoka rundo jipya, uwezekano wa kutokuwa na hata karata moja ya kushoto ni kama asilimia 35. Una vikosi vitatu vya vifaru vimejipanga kushoto, mafuta tele, adui uchi mbele yao, na hakuna amri ya kuvifikia. Wengi hulalamika kuwa hiyo ni bahati nasibu. Kamanda wa kweli wa mwaka 1944 angelitambua tatizo hilo mara moja: redio imezimika, mjumbe amepigwa njiani, afisa wa kikosi hajui mwenzake yuko wapi. Mcheza bao huona kete zote 64 na hakuna kinachomzuia kuzifikia isipokuwa akili yake. Hapa unaona kila kitu na bado hukifikii, na huo ndio ukweli wa uwanja wa vita ambao michezo mingi yenye majedwali ya kurasa mia haiufikii.

Dawa ya karata ni kuzitunza. Karata ya upelelezi huamuru kikosi kimoja tu, lakini unapovuta mwishoni mwa zamu unavuta mbili na kubakisha moja. Icheze mapema, wakati hujabanwa, ujenge mkono. Usianze shambulio la ubavu mmoja kabla hujashika angalau karata mbili za ubavu huo, kwa sababu vifaru vilivyosogea mara moja na kukwama ndivyo vinavyouawa. Pia pembesita zilizokatwa na mstari wa nukta huhesabika pande zote mbili. Kikosi kilichosimama hapo kinaamriwa kwa karata ya sehemu yoyote kati ya hizo mbili. Wachezaji wazoefu huegesha mizinga yao juu ya mstari huo kwa makusudi.

Dadu ndipo mjadala wa chuma unapoanzia. Dadu moja ina nyuso sita: mbili za askari, moja ya kifaru, moja ya guruneti, moja ya bendera, moja ya nyota. Ukipiga askari, alama ya askari na guruneti zote zinaua, kwa hiyo kila dadu ina nafasi tatu kati ya sita. Ukipiga kifaru, alama ya kifaru na guruneti, mbili kati ya sita. Ukipiga mzinga, guruneti pekee, moja kati ya sita. Bendera humrudisha adui nyuma pembesita moja, nyota kwa kawaida haifanyi kitu. Zidisha sasa kwa idadi ya kete: kwa wastani kikosi cha miguu cha kete nne kinahitaji dadu 8 kukimaliza, cha vifaru dadu 9, cha mizinga dadu 12. Hapo kuna jambo la ajabu. Kikosi kigumu kuliko vyote uwanjani ni cha mizinga, chenye watu waliosimama wazi nyuma ya bamba jembamba la chuma, na kifaru chenye milimita 51 za chuma mbele kinazidi askari wa miguu kwa dadu moja tu.

Sehemu ya kosa hilo inasameheka. Askari wa miguu hurusha dadu tatu kwa adui wa pembesita jirani, mbili kwa umbali wa pembesita mbili, moja kwa tatu. Wanapokuwa jirani na kifaru, kuwapa nguvu ni haki. Mwaka 1944 kombania ya Kimarekani ilikuwa na bazuka ya inchi 2.36, silaha ya begani ya kupiga vifaru, Waingereza walikuwa na PIAT ya kazi hiyohiyo, na Wajerumani walikuwa na Panzerfaust iliyotoboa chuma cha milimita 200 kwa umbali wa mita 30, baadaye 60. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, pale kwenye daraja la Pegasus Bridge, Normandy, Waingereza wa Meja John Howard walioshuka kwa glaida, ndege zisizo na injini, walilipiga kwa PIAT gari la deraya la Kijerumani lililokuwa likisogelea daraja, likateketea. Pigano hilo ndilo la kwanza katika kitabu cha mchezo. Kifaru kinachojipeleka jirani na askari waliojificha kinatafuta kifo, na sheria inasema hivyo.

Kisichosameheka ni askari kuua kifaru kwa umbali wa pembesita mbili na tatu. Hapo hakuna bazuka inayofika, kuna bunduki tu, na risasi ya bunduki haifanyi chochote kwa Sherman. Hata hivyo mchezo unakupa dadu zako na nafasi ileile ya theluthi kwa kila dadu. Marekebisho ni mafupi: askari wa miguu wanapopiga kifaru kisicho jirani, guruneti pekee ndiyo inayoua. Kwa umbali wa pembesita mbili wastani wa vifo unashuka kutoka 0.67 hadi 0.33, kwa tatu kutoka 0.33 hadi 0.17. Bendera ibaki ikifanya kazi, kwa kuwa kamanda wa kifaru akipigwapigwa risasi hufunga kifuniko, haoni tena vizuri na hurudi nyuma. Marekebisho haya hayaongezi hata sekunde moja kwenye zamu na hubadilisha kabisa namna vifaru vinavyotembea: vinathubutu uwanda wazi, vinaogopa msitu.

Kuhusu msitu, hapa mchezo umepatia kwa kiasi cha kushangaza. Kikosi kinachopiga adui aliyemo msituni hupoteza dadu moja kikiwa cha miguu, mbili kikiwa cha vifaru. Vivyo hivyo mjini. Vifaru hurusha dadu tatu kwa umbali wowote hadi pembesita tatu, kwa hiyo vikipiga askari walio msituni vinabaki na dadu moja, wastani wa kifo 0.5. Kukimaliza kikosi cha miguu kilichojichimbia humo kunahitaji mashambulizi 8 ya vifaru. Askari wa miguu wakishambulia msitu uleule kutoka jirani wanabaki na dadu mbili, na mashambulizi 4 yanatosha. Mizinga haipunguziwi dadu na ardhi wala haihitaji kumwona adui: inarusha 3 kwa pembesita ya kwanza na ya pili, 2 kwa ya tatu na ya nne, 1 kwa ya tano na ya sita. Ikiwa karibu, vikosi vitatu vya mizinga hufagia msitu ambao vifaru vingeupigia mpaka jioni. Ndivyo ilivyokuwa kwenye bocage ya Normandy, mashamba madogo yaliyozungukwa na matuta ya udongo yenye ua mnene juu yake. Aliyelelewa Limuru au Njombe akiona picha zake atakumbuka boma la michongoma, ila liwekwe juu ya ukuta wa udongo kimo cha mtu. Sherman iliyopanda tuta hilo ilionyesha tumbo, mahali chuma kilipo chembamba zaidi. Ndiyo maana Sajenti Curtis Culin na wenzake walifunga meno ya chuma mbele ya vifaru ili vitoboe tuta badala ya kulipanda, na meno hayo yakatumika katika Operesheni Cobra, shambulio la Wamarekani huko Normandy lililoanza Julai 25, 1944. Kipande cha ua kwenye mchezo kinakulazimisha usimame unapoingia, na ukitoka unaruhusiwa kwenda pembesita jirani tu. Wanaotaka kucheza Cobra kwa uaminifu wakipe kikosi kimoja cha Sherman ruhusa ya kupita ua bila kusimama, wakiwekee alama, basi.

Tuje kwa kifaru dhidi ya kifaru, mahali penye upungufu mkubwa. Ndani ya boksi vifaru vyote ni sawa. Sherman inatembea pembesita tatu na kurusha dadu tatu, Panzer IV ya Kijerumani vilevile, na Panther, nayo ya Kijerumani, ikitokea katika pigano inawakilishwa na kete zilezile. Tofauti pekee ni kwamba vikosi teule vya vifaru hupewa kete nne badala ya tatu, yaani dadu 12 kuvimaliza badala ya 9. Uhai umeongezwa, bunduki haikuguswa.

Kati ya Sherman na Panzer IV usawa huo unakubalika. Sherman ya kawaida ya Juni 1944 ilibeba mzinga wa M3 wa milimita 75. Panzer IV Ausf. H (toleo la H) ilibeba KwK 40 L/48, nao wa milimita 75 lakini wenye mtutu mrefu na risasi ya kasi zaidi. Kwa mita 1,000 Mjerumani alitoboa kama milimita 85 za chuma kilicholala nyuzi 30, Mmarekani kama 60. Mbele ya bodi ya Ausf. H kulikuwa na milimita 80, kwa hiyo Sherman ilishindwa kuipenya kwa mbali. Lakini uso wa mnara wa Panzer IV, sehemu ya juu inayozunguka na mzinga, ulikuwa na milimita 50 tu, na huo Sherman iliupasua. Sherman nayo ilizungusha mnara wake kwa mtambo, duara zima kwa sekunde kama 15, na mara nyingi anayepiga kwanza ndiye anayebaki. Tani 30 hivi kwa 25 hivi, watu watano kwa watano. Ukiyaweka yote kwenye mizani, dadu tatu kwa tatu si uongo.

Kwa Panther ni uongo. Mzinga wake wa KwK 42 L/70 ulimpasua Sherman kwa umbali ambao yeye hakuweza kujibu, na bamba la mbele la milimita 80 lililala nyuzi 55 kiasi kwamba mzinga wa milimita 75 wa Sherman haukulipenya. Ubavu wa Panther lakini ulikuwa na milimita 40 hadi 50. Arracourt, Septemba 1944, Divisheni ya 4 ya vifaru ya Marekani ilizivunja brigedi mpya za Panther kwa sababu mbili: ukungu uliofuta faida ya mzinga mrefu, na madereva na makamanda wa Kijerumani waliokuwa na mafunzo haba wakati Wamarekani walikuwa wakizunguka kuwapiga ubavuni. Pigano la Arracourt limo kitabuni, ila sheria hazina ubavu wa kifaru. Kete haitazami popote, kwa hiyo kuzunguka kwa Wamarekani hakuna thawabu.

Kinachofaa hapo ni sheria mbili zinazokwenda pamoja. Kwanza, kikosi teule cha Kijerumani kikipiga kifaru kwa umbali wa pembesita nne, kiruhusiwe dadu mbili. Pili, kifaru kinachoshambuliwa kutoka jirani na vikosi viwili vilivyosimama pande zinazotazamana, yaani pembesita moja na ile iliyo mkabala wake kabisa, mshambuliaji wa pili aongezewe dadu moja. Usiichukue moja ukaacha nyingine. Ya kwanza peke yake inaua pigano, kwa sababu Mmarekani anapigwa kila anaposogea na hana la kufanya. Zikiwa pamoja, Mmarekani analazimika kugawa vikosi vyake, kutumia misitu na vilima kukata mstari wa kuona, na kufika jirani kutoka pande mbili. Kwa kuwa sheria inataka vikosi vyote vitembee kwanza ndipo vipigane, kuwafikisha wawili katika zamu moja kunahitaji karata ya vikosi viwili au zaidi, au ile ya mashambulizi ya vifaru. Hapo karata na chuma vinaanza kuongea lugha moja.

Mizinga ya kupiga vifaru ndiyo pengo la mwisho. Boksi la kwanza linachukulia kila mzinga kuwa wa kurusha juu kwa mbali. Lakini mizinga ya Kijerumani, Flak 36 ya milimita 88 na Pak 40 ya milimita 75, zilipiga moja kwa moja, kwa macho, na ndizo zilizoua Sherman nyingi Normandy. Ukitaka kikosi kimoja cha mizinga kiwe cha aina hiyo, kipangie hivi: mwisho pembesita nne, dadu 3, 3, 2, 2, lazima kione adui, ardhi ikipunguzie dadu kama vifaru. Kinapopiga kifaru, nyota nayo iue, ili kila dadu iwe na nafasi tatu kati ya sita. Halafu kilipe gharama yake. Flak 36 ilikuwa ndefu, haifichiki upesi, na wapigaji wake walikufa kwa vipande vya kombora la kawaida la Sherman. Kwa hiyo anayekipiga kutoka pembesita tatu au chini ahesabu nyota kuwa imeua, na kikosi kishuke kutoka dadu 12 hadi 6. Bila gharama hiyo utakuwa umeumba jini lisiloguswa katikati ya ubao.

Kuna sheria moja ambayo wapenda historia hukimbilia kuibadilisha, nayo ingeachwa ilivyo. Kikosi kilichobaki na kete moja bado kinarusha dadu zote. Inaonekana kichekesho, kifaru kimoja kupiga kama vitatu. Lakini kete hapa ni uwezo wa kikosi kuendelea kupigana, zaidi ya idadi ya magari. Ukikata dadu kwa kila kete iliyokufa, anayepiga kwanza anashinda kila mara, na mchezo unakuwa mashindano ya nani aanze.

Makosa ya kucheza yanayojirudia ni machache na yote yana sababu. La kwanza ni kusogeza kikosi, kukipigisha, kisha kusogeza kingine. Kosa hili linampa mchezaji habari asizostahili kuwa nazo. La pili ni kujumlisha kinga: askari walio msituni nyuma ya magunia ya mchanga hawapati kinga mara mbili, huchukuliwa ile iliyo kubwa. La tatu ni kuingia msituni au mjini na kupigana papo hapo. Ukiingia unasimama, na zamu hiyo hupigani. La nne ni askari kutembea pembesita mbili na kupiga. Mbili ni kutembea tu, moja ndiyo inayoruhusu kupiga. La tano husahaulika hata na wazoefu: kikosi kilicho jirani na adui, kikitaka kupiga, lazima kimpige huyo jirani. Huruhusiwi kumruka ukampige mwenye kete moja aliye nyuma ili uchukue nishani, tuzo ya kumaliza kikosi. La sita ni bendera kwa asiye na pa kurudi. Kila pembesita anayoshindwa kurudi inamgharimu kete moja, ndiyo maana kusimamisha mizinga ukingoni mwa ubao huku umejaza vikosi kuizunguka ni kujichimbia kaburi.

Kuhusu ubora wa vitu vyenyewe, kete ni za plastiki laini. Askari wanatambulika vizuri na vifaru vina umbo sahihi la mnara na magurudumu, lakini mitutu hupinda ndani ya boksi. Chukua maji ya moto yasiyochemka, nyuzi 70 hadi 80, tumbukiza kifaru sekunde 20 au 30, nyoosha mtutu kwa vidole, kisha kitie mara moja kwenye maji ya barafu huku umeushikilia. Ukiuachia kabla haujapoa unarudi ulivyokuwa. Kipande kilichokatika kigundishwe kwa supaglu, maana gundi ya modeli za plastiki ngumu haishiki hapa.

Wanaopaka rangi waoshe kete kwa sabuni ya vyombo kwanza, waziache zikauke kabisa, wapake rangi ya msingi ya akriliki, kisha rangi nyembamba nyembamba. Rangi za mafuta kwenye plastiki laini hubaki zikinata. Na jambo moja la historia: kijivu cha kete za Kijerumani si rangi ya vifaru vyao vya Normandy. Kuanzia Februari 1943 viwanda vilibadilisha kijivu kuwa manjano iliyofifia, na vikosi vikaongeza mistari ya kijani na kahawia nyekundu juu yake. Panzer IV ya kijivu ni ya Ufaransa ya 1940 au Urusi ya 1941. Chini ya kifaru acha rangi ya asili ili mchezaji mgeni ajue ni cha nani.

Tahadhari kwa anayetaka kubadilisha kete kwa modeli bora: vifaru vya boksini ni vidogo kuliko askari wao kwa kipimo, kwa hiyo usinunue modeli kwa kufuata ukubwa wa askari. Sherman ya kweli ina urefu wa mita 5.84 na upana wa mita 2.62. Kwa kipimo cha 1/72 inakuwa milimita 81, hata moja inajaza pembesita. Kwa 1/144 ni 41 kwa 18, na tatu zikipangwa ubavu kwa ubavu zinachukua milimita 54, zinabanana. Kwa 1/200 ni 29 kwa 13, tatu zinakaa kwa raha, na Panzer IV pamoja na mtutu wake inakuwa kama 35 kwa 14. Hicho ndicho kipimo cha kununua.

Kwa wakaaji wa pwani adui wa boksi hili ni unyevu. Vipande vya ardhi na ubao wenyewe vinanyonya maji ya hewa na kujikunja pembeni, kete zinateleza, mistari haionekani. Vibane kati ya mbao mbili bapa chini ya uzito siku mbili tatu, kisha hifadhi boksi na vifuko vya chembe za kukausha vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Karata zitie kwenye vifuko vya plastiki kabla ya mchezo wa kwanza, zikiwa bado nyoofu. Pima karata yenyewe kwa rula kabla ya kuagiza vifuko.

Lugha ni kikwazo kidogo kuliko inavyodhaniwa. Karata za sehemu zina mishale na michoro inayojieleza. Zile 20 za mbinu ndizo zenye maneno mengi, nazo ni za aina 15 tu kwa kuwa nyingine zimerudiwa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili ulioandikwa kwa mkono unamaliza kazi, na ukiwekwa mezani hata anayesoma Kiingereza atautumia.

Boksi la kwanza linatosha kwa muda mrefu, kwa hiyo nyongeza zisikukimbize. Mediterranean Theater inaleta jeshi la Uingereza na jangwa, Pacific Theater inaleta Wajapani na msitu mnene, Eastern Front inaleta Warusi pamoja na sheria ya komisaa (afisa wa siasa jeshini) inayomlazimisha kamanda kuchagua karata yake zamu moja kabla, sheria nzuri kuliko zote za nyongeza. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jozi ya maana ni hizo mbili za kwanza, kwa sababu zikiunganishwa zinawezesha vita vya Keya, yaani King's African Rifles, nchini Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw kutoka Tamu wakati wa masika makali ya 1944, ikauchukua Kalewa tarehe 2 Desemba, na wahandisi wakatandika juu ya mto Chindwin daraja la Bailey, la vipande vya chuma vya kuunganishwa, la futi 1,154.

Kulipanga pigano hilo tumia upande wa bara wa ubao. Mto ukate safu ya tatu kutoka upande wa Wajapani, vilima viwili viwili kila ubavu, msitu mnene ujaze karibu nusu ya ubao na njia moja ipite katikati. Wape Keya vikosi vinane vya miguu, viwili vya mizinga, kimoja tu cha vifaru kisichoruhusiwa kutoka njiani kwa sababu ya matope. Wape Wajapani vikosi saba vya miguu na kimoja cha mizinga, vinne kati yake vikiwa na magunia ya mchanga juu ya vilima. Keya washike karata tano, Wajapani nne, Keya waanze, nishani tano kwa mshindi, na moja kati yake iwekwe kwenye pembesita ya ng'ambo ya mto mahali njia inapotokea. Usiongeze kifaru cha pili hata mwenzako akikusihi. Matope ya bonde lile yalikuwa upande wa Wajapani, na kifaru cha pili kikiruhusiwa njiani mizinga inakosa kazi.